Mbita na Rusinga kwa pesa kidogo: ziwa ndilo linalopanga bei

Fika Mbita, mji wa Kenya ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria, asubuhi. Hilo peke yake litakuokolea pesa kuliko kubishana bei ya chumba. Jua likipanda, upepo wa ziwa huanza kuvuma kuelekea nchi kavu, na ikifika alasiri maji ya wazi upande wa kisiwa cha Mfangano huwa yamechafuka. Mawimbi ya hapa si ya kuchezea ubao. Ni mafupi, yamekaribiana, na yanaingia botini. Manahodha wenye busara hufunga boti zao. Anayebaki ndiye anayetaja bei, na hukuti wa kumshindanisha naye.

Anayeanzia Kisumu ana njia mbili. Moja ni matatu hadi Luanda Kotieno upande wa Siaya, kisha feri hadi Mbita, karibu saa moja majini. Nyingine ni ya nchi kavu: Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, halafu Mbita. Feri ni tamu zaidi, ila ina ratiba, na matatu haina. Gari la Luanda Kotieno huondoka likijaa. Waulize makondakta saa za feri kabla hujapanda, maana wao ndio wanaozijua siku ile. Ukiikosa ya mwisho utalala ng'ambo. Anayetoka Nakuru hana haja ya kuzungukia Kisumu: apite Kericho, Sotik, Kisii, aingie Homa Bay.

Chumba usilipe kabla ya kufungua bomba. Ziwa liko hatua chache, na bado loji kadhaa hukuletea ndoo. Kishike chandarua kwenye mwanga uone matundu, hasa pembeni kinapochomekwa chini ya godoro. Ukanda huu una malaria mwaka mzima. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaojaa ukutani jioni hawaumi, lakini wanafuata taa: zima ya ndani, acha ya nje iwake.

Sasa boti, maana hapo ndipo bajeti huvunjikia. Boti za abiria kwenda Mfangano hutoza kila mtu nauli yake na huondoka zikijaa. Watu wa visiwani huja Mbita asubuhi kuuza na kununua, wakarudi mchana, na boti zimepangwa kuwafaa wao. Mgeni anayepanda ya mchana hufika salama kisha hana cha kumrudisha. Kwa hiyo uliza boti ya kurudi kabla ya kupanda ya kwenda, au panga kabisa kulala Sena, kituo kikuu cha Mfangano. Kulala kule mara nyingi kunashinda kukodi boti ya jioni.

Ukikodi, ujue unanunua petroli kwanza. Injini ya nguvu ya farasi 15 ikifunguliwa yote hunywa kama lita 6 hadi 8 kwa saa. Muulize nahodha kwenda na kurudi ni saa ngapi, zidisha, weka bei ya kituo cha Mbita, kisha ongeza cha nahodha, cha msaidizi na cha mwenye boti. Ukitaja lita badala ya kusema “punguza kidogo”, mazungumzo hubadilika papo hapo. Petroli yote iingie botini ukiwa Mbita. Visiwani hufikishwa kwa boti na huuzwa ghali, na ukisikia “tutaongeza mbele” ujue bei imeshapanda. Lipa nusu mkitoka, nusu mkirudi. Uone plagi ya injini ya akiba na kasia. Magugu maji yakisukumwa na upepo hujisokota kwenye propela, na injini iliyozimika katikati ya magugu haikusaidii kitu. Kila mtu awe na jaketi ya kuokoa maisha, tena aivae. Wengi huzikalia kama mito. Safari ya namna hii ina maana mkiwa watu sita au zaidi, kwa mfano mkienda kwenye mchanga mweupe wa kisiwa cha Takawiri.

Mfangano yenyewe inataka siku nzima. Michoro ya kale ya miambani, miduara ya rangi nyekundu na nyeupe, iko juu mlimani, na mwenyeji wa kukuongoza ni lazima. Lipa kwake au kwenye Makumbusho ya Amani ya Abasuba, si kwa kijana aliyekufuata kutoka gatini.

Rusinga ni rahisi. Tuta la kuunganisha kisiwa na Mbita lilijengwa miaka ya 1980, likaziba mkondo wa maji, ndipo baadaye likaja daraja ili maji yapite tena. Livuke kwa miguu, bure. Baada ya hapo patana na boda mzunguko mzima wa kisiwa, kungojewa kukiwa ndani ya bei, maana ukilipa kituo kwa kituo utalipa karibu mara mbili. Simama kwenye kaburi la Tom Mboya, waziri wa Kenya aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Jengo lake lina umbo la risasi. Kwenye ardhi hii pia, mwaka wa 1948, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, nyani wa kale wa mamilioni ya miaka. Ukiona kipande cha mfupa kwenye mmomonyoko, kiache hapo. Kuchukua visukuku ni kosa kisheria.

Samaki mnunue mwenyewe asubuhi boti zikitia nanga, macho yakiwa angavu na matamvua mekundu, kisha mpelekee mama wa kibanda. Patana naye bei moja: kuparua, kukaanga, ugali na osuga (mboga ya mnavu). Ngege (tilapia) wa nusu kilo anawatosha wawili wasio na njaa kali. Wakiwa wote wa ukubwa mmoja kama waliopimwa kwa rula, ni wa kufugwa vizimbani. Si vibaya, ila usilipe bei ya samaki wa ziwa. Mbuta (sangara) wakubwa husombwa na magari ya barafu ya viwanda, hivyo usishangae kuwakosa. M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali, lakini visiwani mtandao huyumba, kwa hiyo beba noti ndogo.

Kuogelea ni hiari yako. Pembezoni penye matete na maji yaliyotulia ndipo konokono wa kichocho wanapokaa, na usiku viboko hutoka kula majani, kwa hiyo giza likiingia ondoka ufukweni. Kama uliingia majini, kapime baada ya wiki 6 hadi 8. Ukienda mapema kipimo huenda kisione kitu, na dawa ya prazikwanteli haiwaui vizuri minyoo ambao hawajakomaa.