Fundi Anajibu: Tairi la mtumba limeota nundu

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua matairi manne ya mtumba ya IST yangu, saizi 175/65R14. Moja likijazwa upepo linatoa nundu ubavuni, kama nusu ya limau. Aliyenifungia anasema niweke tyubu, nilifunge nyuma, halitanisumbua. Mwisho wa mwezi nampeleka mama Iringa. Nitafika?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Kwa tairi hilo, hata Kibaha usiende.

Nundu maana yake nyuzi za ndani ya ubavu zimekatika, mara nyingi kwa kuingia shimoni au kugonga ukingo wa barabara. Nyuzi ndizo zinazobeba gari. Tazama namba iliyofuata saizi: ukikuta 82, tairi linabeba kilo 475, lakini likiwa zima. Hapo penye nundu umebaki mpira mtupu. Tyubu inashika upepo tu, uzito haibebi.

Hii habari ya "lifunge nyuma" inanikera. La mbele likipasuka, usukani unavuta upande na dereva bado ana cha kushika. La nyuma likipasuka, mkia wa gari unahama, na kuurudisha njiani kunawashinda hata madereva wazoefu. Sasa weka hapo jua la Mikumi, kona za Kitonga, na mama kiti cha nyuma.

(Usichanganye nundu na bonde. Kibonde chembamba kinachoingia ndani ubavuni mara nyingi ni maungio ya kiwandani, hakina neno.)

Mimi nina wasiwasi zaidi na yale matatu ambayo hukuyataja. Mwambie fundi wa pancha ayatoe kwenye rimu, uyapapase kwa ndani. Ukikuta unga mweusi wa mpira, au alama ya msuguano inayozunguka ubavu, tairi hilo liliwahi kukimbizwa bila upepo. Nje litang'aa, ndani limekwisha. Kiraka cha katikati, kwenye meno, nakikubali kama kimebandikwa kwa ndani na tundu halikuzidi milimita 6. Cha ubavuni, hapana. Kisha chungulia mifereji: kuna vituta vidogo vya mpira vinavyoonyesha kwamba zimebaki milimita 1.6. Vikiwa vimekatwa, ujue meno yamechongwa upya kwa kisu cha moto.

Umri nao usomwe. Tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT ubavuni, mfano 1416, ni wiki ya 14 ya mwaka 2016. Likizidi miaka 10 mimi silifungi, meno yawe mazuri vipi.

Hilo la nundu usiliweke hata kwenye buti kuwa spea, maana siku ya pancha, usiku na mvua, utalifunga tu. Mrudishie muuzaji akubadilishie. Akigoma, lichane ubavu kabla ya kulitupa. Ukiliacha zima litapakwa rangi nyeusi na kuuziwa mwingine.