Video ya sekunde chache inatosha kumwita mtu muuaji?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Kijiweni kwetu hapa Mwanga, Kigoma, tumebishana wiki nzima juu ya video ya polisi wa Marekani aliyempiga mtu risasi. Inaonyesha sekunde za mwisho tu. Mimi niliapa kwa jina la Allah kwamba yule polisi ni muuaji, nikairusha kwenye magrupu. Rafiki yangu akasema marehemu alikuwa mhalifu tu, polisi hapigi risasi bure. Sasa hata salamu hatupeani. Nani yuko sahihi, na kiapo changu kina hukumu gani?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yangu, nyote wawili mmekalia kiti cha kadhi bila kuitwa. Wewe umemhukumu aliye hai, mwenzako kamhukumu maiti. La mwenzako naliona zito zaidi, maana maiti hana tena kinywa cha kujitetea.

Someni kisa cha Nabii Dawud, amani iwe juu yake, katika Surat Saad. Wagombanao wawili walimpandia ukuta hadi mihrabuni. Mmoja akasema: huyu ndugu yangu ana kondoo majike 99, mimi ninaye mmoja, naye anamtaka huyo huyo. Dawud akajibu papo hapo kwamba amemdhulumu. Kisha akatambua kuwa ametahiniwa, akaanguka kusujudu akiomba msamaha. Wapo wafasiri wanaosema kosa lilikuwa hilo hilo, kutoa hukumu kabla ya kumsikia wa pili. Na hebu fikiria, 99 kwa mmoja, nani asingepandwa na hasira?

Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa kesi ya nyavu kutoka mwaloni Kibirizi. Aliyetangulia alikuja na wavu uliokatwa vipande, analia. Nikakunja uso kabisa. Wa pili alipofika, akatuomba twende tukautazame mtumbwi wake: ulikuwa umetobolewa.

Video ni shahidi, sikatai. Lakini hiyo yenu ni shahidi aliyefika ugomvi ukiwa ukingoni. Inaweza kusema: huyu alisimama hapa, mlio ukasikika, akaanguka. Nini kilitangulia, askari aliona nini, aliogopa au alikusudia, haisemi. Na nia ndiyo inayotenganisha kuua kwa makosa na kuua kwa kusudi. Surat An-Nisaa imeyapa mambo hayo mawili aya mbili tofauti, ya 92 na ya 93. Wewe umeiruka ya kwanza ukatua kwenye ya pili.

Tukio la Ferguson, Marekani, la Agosti 2014 linakuhusu. Kijana Michael Brown, asiye na silaha, aliuawa kwa risasi za polisi, na habari ikaenea duniani kwamba alikuwa amenyoosha mikono juu kujisalimisha. Machi 2015 Wizara ya Sheria ya nchi ile ikasema mashahidi wa habari hiyo hawakuaminika, wengine wakageuza maneno. Polisi yule hakushtakiwa. Lakini siku hiyo hiyo wizara ikatoa ripoti ya pili iliyoonyesha kwamba polisi wa mji ule walikuwa wakiwabagua watu weusi. Hasira ya watu ilikuwa na msingi, ila haikutosha kuwa ushahidi wa dakika ile moja.

Mwenzako naye asishangilie. Oktoba mwaka huo huo, mjini Chicago, Laquan McDonald wa miaka 17 alipigwa risasi 16. Polisi wakasema aliwajia na kisu. Video ya gari lao ilikaa kabatini zaidi ya mwaka, na mahakama ilipoamuru itolewe, ikamwonyesha kijana akitembea kuwaepuka. Mwaka 2018 mpiga risasi alitiwa hatiani. Na kwa nini twende mbali? Mwaka 2006 hapa kwetu, wafanyabiashara watatu wa madini wa Mahenge na dereva teksi waliuawa na polisi Dar es Salaam wakiitwa majambazi. Tume ya uchunguzi ya Jaji Kipenka ikakuta hawakuwa majambazi.

Kwa hiyo ninaposema ngojeni, sisemi nyamazeni. Swahaba Usama bin Zayd alimuua mtu vitani baada ya yule kutamka shahada, akajitetea kwamba aliitamka kwa kuogopa silaha. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimsikiliza, kisha akamuuliza: ulimpasua moyo wake ukajua? Hakumfichia kwa kuwa ni kipenzi chake. Swali hilo liwafikie nyote wawili, wewe uliyeusoma moyo wa polisi na mwenzako aliyeusoma wa marehemu. Mnachoweza kusema kwa haki ni hiki: tumeona mtu ameuawa, tunataka uchunguzi wa watu wasio upande wa aliyepiga risasi. Kudai hivyo hakuhitaji kiapo.

Kiapo chako: uliapa ukiamini unasema kweli, hukukusudia uongo, hivyo kafara haikulazimu. Leta istighfari, maana uliapia usichokishuhudia. Na magrupu yale yale uliyoyarushia hukumu yako, yarushie kwamba umeifuta.

Kuhusu salamu, Mtume amekataza Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, akasema mbora wao ni anayeanza kutoa salamu. Ninyi mna wiki. Mfuate leo baada ya Isha.

Wallahu aalam.