Tumbo linauma miezi na vipimo vyote safi
Pole mkuu. Altrasaundi kuwa safi haimaanishi huumwi, kile kipimo kwa kawaida hakionyeshi vidonda vya tumbo. Na kile kipimo cha choo cha H. pylori (yule mdudu, bakteria, anayeleta vidonda vya tumbo) ulichosema kimekuja negativu, ulikuwa unameza omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni)? Maana hiyo inaficha mdudu, inatakiwa uiache wiki 2 kabla ya kupima, antibayotiki wiki 4, muulize daktari kwanza. Halafu jaribu hii, lala chali, bonyeza panapouma afu inua kichwa na mabega, maumivu yakizidi inawezekana ni ukuta wa tumbo wala sio ndani, wengi hawaiangaliagi hii. Ila ukiona choo cheusi, damu au unapungua uzito bila sababu, wahi hospitali, omba endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni kuangalia ndani ya tumbo).