Usimlete pepo mapema

Filamu yangu ya kwanza ya kutisha ilikuwa na pepo dakika ya tatu. Nilimpaka rangi, nikamvisha macho meupe, nikamfunga kamba ili apande ukutani. Siku ya kuwaonyesha rafiki zangu, walicheka. Tena si kile kicheko cha mtu anayejikaza asionekane mwoga. Mmoja aliniuliza kama nimehamia kwenye vichekesho.

Niliporudi kuitazama peke yangu niliona kwamba rangi haikuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa mhusika wangu, mchungaji. Anaamini mwanzo, anaamini katikati, mwisho anamkemea pepo na pepo anatoka. Mshindi anajulikana tangu anapofungua Biblia. Sasa mtazamaji aogope nini?

Tazama The Exorcist ya mwaka 1973. Padri Karras anatetereka kiimani kabla hata hajamwona yule mtoto mwenye pepo, na mama yake anapokufa anabaki akijilaumu. Pepo hana haja ya kuvunja mlango, anaukuta wazi, na anajua kabisa jeraha liko wapi.

Ndiyo maana siku hizi naandika hadithi nzima bila pepo kwanza. Ikiwa haiumi hivyo ilivyo, pembe na moshi havitaiokoa. Filamu yangu ya pili ni ya binti anayemuuguza mama yake na kumwombea kila usiku. Hilo sikulibuni mbali: niliwahi kuombea jambo moja kwa miezi, mpaka nikahisi naongea na dari.

Tukio la maombi ndilo lililonisumbua kuliko yote. Mwanzoni, baada ya "amina", nilifuta sauti yote. Watu wakageuka kutazama spika, wakidhani zimezima. Kimya cha kwenye filamu lazima kiwe na sauti! Mkimaliza kupiga picha chumbani, waambie wote watulie, kisha rekodi hicho chumba kitupu kwa dakika nzima: mlio wa taa, upepo dirishani, ubao unaojinyoosha. Niliweka sauti hiyo chini ya uso wa binti anayesubiri jibu, nikaiacha sekunde ishirini. Mhariri alitaka tano. Tuligombana, na nashukuru sikukubali.

Pepo akija, asitukane tu. Kwenye Mathayo sura ya 4, Shetani anamjaribu Yesu kwa kumnukulia Zaburi ya 91. Mpe pepo wako maandiko, ayataje sawasawa, kwa upole. Aya aliyoisoma mama kitandani ikirudi kwa mdomo mwingine, hutahitaji kamba ya ukutani.

Halafu kuna waigizaji. Binti niliyempa nafasi hiyo ni mwombaji kweli, akakataa katakata kumlaani Mungu mbele ya kamera. Nilikasirika, kwa sababu niliona tukio langu kubwa linakufa. Usiku huo nikaandika upya: anasali Baba Yetu, akifika "utusamehe makosa yetu" anasahau kinachofuata. Anaanza tena, anakwama palepale. Ni tukio bora kuliko lile la laana, na nisingelipata bila yeye kukataa. Msikilize mwigizaji anayekataa, hasa jambo likigusa dini yake. (Mvivu wa kukariri ni habari nyingine.)

Je, Mungu amesikia au hakusikia? Mtazamaji unaweza kumwacha na swali hilo, ila wanaoitengeneza filamu hawawezi kufanya kazi wakielea. Mimi nilimwambia mwigizaji faraghani kwamba amesikiwa, naye akacheza kama mtu ambaye chumbani hayuko peke yake. Mpiga picha nikamwambia juu hakuna mtu. Akapandisha kamera darini, akampiga picha binti kutoka huko, mdogo kama kitu kilichosahauliwa sakafuni. Waligundua siku ya onyesho, na mpaka leo hawajanisamehe vizuri.