Fungueni Madirisha, Wadogo Zangu

Jumamosi nilikwenda kumtembelea mdogo wetu mmoja aliyeingia Bochum, huku Ujerumani, kusoma chuo mwezi Oktoba. Kufungua mlango tu, nikapokewa na joto la Tanga mwezi wa pili. Hita iko kwenye tano, jinzi mbili zimeanikwa juu yake, maharage yanatokota bila mfuniko, na kioo cha dirisha kinatiririka maji. Nikamuuliza, dirisha hili ulilifungua lini? Akacheka. "Dada, nje nyuzi mbili!"

Sikucheka naye. Nilikwenda moja kwa moja kuvuta kabati lake, na nilichokiona nyuma nilikijua kabla sijakiona. Basi leo nasema tena, na msioniita shangazi mtaniita bibi.

1. Anmeldung, yaani kuandikisha anwani yako serikalini, ni ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Mwenye nyumba akikwambia chumba ni chako ila hataki kukuandikia Wohnungsgeberbestätigung, karatasi ya kuthibitisha kwamba umehamia kwake, hicho si chumba, umekaribishwa kulala tu.

2. Kaution, ile amana ya chumba, haitumwi kwa mtu ambaye "yuko London kikazi" na funguo atazileta kwa posta. Kila mwaka nasema, kila mwaka mmoja wenu anatuma. Kisheria haizidi kodi tupu (bila gharama za maji na hita) ya miezi mitatu, na unaweza kuilipa kwa mafungu matatu.

3. Dirisha. Hapa kaeni kitako.

Chumba changu cha kwanza kilikuwa na ukuta mmoja wa nje, baridi kama bomba la friji. Kwetu dirisha hufungwa mvua ikija na upepo, basi; huku nikajipigia hesabu zangu: joto nalilipia, nilitupe nje kwa nini? Nikafunga tangu Novemba. Nikaoga, nikapika, nikaanika humo humo. Jasho la kioo nikawa nalifuta kwa kitambaa kila asubuhi na kujiona msafi.

Mwezi Machi hereni ikaanguka nyuma ya kabati. Nikalivuta. Ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu kuanzia magotini kwenda chini, una manyoya, unanuka kama gunia la unga lililolowa. Doti ya kanga aliyonifungia mama siku ya safari, niliyokuwa nimeikunja chini kabisa ya kabati isichakae, ilikuwa na madoadoa kama manyoya ya ndege kanga mwenyewe.

Mtu mwenye akili angepiga picha na kumwandikia mwenye nyumba siku ile ile. Mimi nilikwenda kununua kopo la rangi nyeupe. Nikapaka usiku, taa moja, mlango nimeufunga kwa ufunguo kama naficha maiti. Kulipokucha nikaona balaa jipya: kuta nyingine zilikuwa zimeshafifia kwa miaka, kwa hiyo palibaki mraba mweupe unaong'aa kama pazia la sinema. Nikarudisha kabati. Nikanyamaza miezi kumi na minne, na kila Hausmeister, msimamizi wa jengo, akibisha hodi kuangalia bomba, tumbo lilinikata.

Siku ya kuhama Hausmeister huyo alikuja na faili lake. Mzee wa maneno machache. Kabati lilishatoka, pazia langu la sinema linamtazama. Hakuuliza kitu. Aliweka kiganja ukutani, akakaa hivyo kidogo, kisha akakwangua kwa ncha ya ufunguo. Rangi ikabanduka na plasta yake, chini yake weusi ule ule, umenenepa. Nikasema, kwa Kijerumani changu cha kuokoteza, kwamba nilikuta hivyo. Akafungua faili, akatoa Übergabeprotokoll, karatasi ya makabidhiano ya chumba, ya siku niliyoingia: kuta hazina kasoro. Chini sahihi yangu, nzuri, ina mkia. Nilitia sahihi bila kusoma kwa sababu niliona aibu kuomba muda wa kusoma.

Kaution ilikuwa euro 780. Zilirudi 95. Ila mpaka leo kinachoniuma ni ule uongo, na jinsi mzee yule alivyogeuza karatasi taratibu niione vizuri, bila hasira.

Haya, dawa yenyewe: asubuhi na jioni punguza hita, fungua dirisha wazi kabisa dakika tano mpaka kumi mvuke utoke, funga. Kulilaza dirisha kidogo kwa juu mchana kutwa hakusaidii, kunapoza ukuta tu. Kabati likae mbali na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja.

4. Kuhudhuria somo si kujiandikisha mtihani. Ni vitu viwili, vina tarehe mbili. Na msiniambie "nina Drittversuch bado", yaani jaribio la tatu la mtihani, kana kwamba ni akiba ya benki.

5. Barua zifunguliwe. Zote. Ile ya Rundfunkbeitrag, ada ya redio na televisheni, haiondoki kwa kuiweka chini ya godoro. Ni euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima, si kwa kila kichwa, kwa hiyo kwenye WG, nyumba mnayokaa kwa kuchangia, ulizeni kwanza nani anailipa, mchangiane. Namjua mmoja aliyekuwa nazo saba kwenye boksi la viatu, anaziita "matangazo".

Nilipokuwa naondoka Jumamosi, mdogo wangu aliahidi mbele yangu kwamba atamwandikia mwenye nyumba usiku huo huo. Jana ameniletea ujumbe: "Dada shikamoo. Eti rangi nyeupe huku inauzwa duka gani?"