Ukitaka Kujua Timu ya Shule Iliyo Bora, Usianze na Kombe

Kila muhula wa pili unapoingia, simu yangu hujaa swali lile lile kwa sura tofauti. Kati ya Kakamega na Musingu, nani mkali? Mwaka huu Magharibi itaitoa Nyanza? Mbona shule za Uganda hututesa tukikutana nazo Afrika Mashariki? Nimeifuata soka ya shule za upili tangu nikiwa mwanafunzi wa kuketi nyasini kando ya mstari, na baadaye nikiwa mwalimu wa kusindikiza timu hadi mashindano ya eneo. Ushauri wangu kwa anayeniuliza haujabadilika: usizipime timu kwa vikombe, zipime kwa njia zilizopitia.

Anza na ngazi yenyewe. Timu ya shule nchini Kenya hupanda kutoka zoni hadi kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha eneo, kisha taifa, na zinazofua dafu huvuka kwenda michezo ya FEASSSA, inayokutanisha shule za Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Michezo ya shule bado inafuata maeneo 8 yaliyorithiwa kutoka mikoa ya zamani, ingawa katiba ya 2010 ilituletea kaunti 47. Mgawanyo huo hauna ulinganifu. Magharibi ina kaunti 4: Kakamega, Bungoma, Vihiga na Busia. Nyanza ina 6. Bonde la Ufa lina 14, kuanzia Turkana hadi Kajiado. Nairobi ni kaunti moja na papo hapo ni eneo zima. Na kwa kawaida, katika soka ya wavulana, bingwa wa eneo ndiye anayekwenda kitaifa, eneo liwe dogo au kubwa.

Sasa fikiria Kaunti ya Kakamega peke yake. Pale mjini kuna Kakamega School, wale Green Commandos wa jezi za kijani, shule ambayo mashabiki wa soka Kenya wanaijua hata kama hawajafika uwanja wa Bukhungu maishani mwao. Upande wa Khayega kuna Musingu, Scorpions. Zote mbili zina uwezo wa kulitikisa taifa mwaka wowote, lakini ni za kaunti moja, hivyo hukutana mapema, na mmoja hukwama kabla nchi haijamwona. Aliyekwama hatakuwa na kombe la mwaka huo. Je, ni dhaifu kuliko bingwa wa eneo ambalo shule zenye soka ya maana zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja? Mimi nasema hapana, na nitaendelea kusema hivyo hadi mtu anionyeshe zimekutana uwanjani.

Kuna jambo la mpaka pia, na watu wengi hulipita bila kulitazama. St. Anthony's ya Kitale, Solidarity Boys, iko Trans Nzoia. Ukitoka Kitale kwenda Bungoma huvuki mlima wala jangwa. Ni mashamba yale yale ya mahindi, na vijana wa pande zote mbili hukua wakicheza pamoja likizo. Lakini kwa ramani ya michezo Trans Nzoia ni Bonde la Ufa, kwa hiyo St. Anthony's hupita njia nyingine kabisa kufika kitaifa na haikutani na Kakamega au Musingu hadi huko juu. Vilevile Wiyeta kwa upande wa wasichana. Wiyeta ni ya Trans Nzoia na hubeba bendera ya Bonde la Ufa, ilhali wapinzani wanaotajwa naye sana, kama Archbishop Njenga na Butere, wako Kakamega. Mtu akikuambia Bonde la Ufa lina soka nzito, mwulize ni Bonde la Ufa lote au ni ile kona ya Kitale. Jibu litakusaidia kuliko jedwali lolote la mabingwa.

Kwa sababu hiyo huwashauri wenzangu: ukiwa na nauli ya safari moja tu, nenda mashindano ya eneo, uache yale ya kitaifa. Na usisubiri fainali. Fika siku za makundi, asubuhi, wakati umande haujakauka na watazamaji ni wachache. Hapo utaona timu ilivyo bila vishindo vya mashabiki. Tazama kocha anambadilisha nani akiwa anaongoza mabao mawili. Tazama wachezaji wa akiba wanapasha misuli vipi, au wamelala tu juu ya mabegi. Mashindano haya huchezwa kwa kasi ya ajabu. Kitaifa, timu 8 zikigawanywa makundi mawili, anayefika fainali hucheza mechi 5 ndani ya siku chache, mara nyingi akiamka kila siku na mechi. Klabu ya ligi kuu isingekubali ratiba kama hiyo. Ndiyo maana timu yenye wachezaji 11 wazuri sana hung'ara siku ya kwanza na ya pili, halafu nusu fainali miguu inakataa. Yenye wachezaji 16 wa kiwango cha kati hufika mbali kuliko hiyo. Ukitaka kutabiri bingwa, hesabu benchi.

Nitakupa mfano. Niliwahi kutazama shule moja ndogo ya kutwa ya upande wa Bungoma katika hatua ya kaunti. Jezi zao zilikuwa zimepauka mgongoni hadi namba hazisomeki vizuri. Kiungo wao wa ulinzi, kijana mwembamba, alikuwa na tabia moja: kila kabla ya kupokea mpira aligeuza shingo mara mbili, kushoto na kulia. Uwanja ulikuwa na mteremko kuelekea upande wa bomba la maji, na mpira ukirushwa juu ulipotea huko. Yeye alikuwa ameshausoma uwanja. Alipitisha mpira chini, upande wa juu, mechi nzima, na timu kubwa iliyokuja na basi lake ikawa inakimbiza vivuli kipindi cha kwanza chote. Kipindi cha pili walichoka, hawakuwa na mtu wa kuingia, wakafungwa kwa kona mbili. Kwenye karatasi ya matokeo walitolewa hatua ya kaunti, basi. Kwa jicho langu walikuwa na kiungo bora kuliko wote niliowaona muhula ule, pamoja na wale wa kitaifa.

Jambo la pili la kuangalia ni nani anaondoka. Mfumo wa 8-4-4 ulimpa mwanafunzi miaka minne ya upili, hivyo timu bora hukomaa kwa pamoja: vijana huanza kikosi cha kwanza kidato cha pili, wakafika kileleni kidato cha nne, halafu Desemba wote wanakwenda zao. Bingwa wa mwaka jana aliyepoteza wachezaji saba wa kidato cha nne si bingwa tena, ni jina tu limebaki langoni. Na sasa hesabu yenyewe inabadilika. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Daraja la 10, na shule ya upili ya juu kwao ni miaka mitatu. Kundi la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE, mtihani wa kumaliza upili, 2027. Kwa muda huu timu moja itakuwa na vijana wa mifumo miwili, na baadaye kila kocha atakuwa na misimu mitatu ya kumjenga mchezaji badala ya minne. Shule zilizozoea kumtunza kijana mwaka mzima kabla ya kumchezesha zitapata taabu. Zenye ukaribu na shule za msingi na za sekondari ya chini za jirani, zinazomjua kijana tangu akiwa Daraja la 8, ndizo zitakazopata mavuno.

Hapo hapo ndipo swali la Uganda linapojibika. Mwanafunzi wa Uganda hukaa sekondari miaka sita, S1 hadi S6. Kwa hiyo kikosi cha Uganda kinaweza kuwa na vijana wa kidato cha tano na sita ambao kwetu wangekuwa wameshamaliza shule. Tena kuna uwekezaji. St. Mary's Kitende, kwenye barabara ya Entebbe, ni shule ya Lawrence Mulindwa, aliyekuwa rais wa FUFA, shirikisho la soka la Uganda, na ndiye mwenye klabu ya Vipers, na uwanja wa Vipers uko pale pale Kitende. Mtoto wa pale anatoka darasani akiona ligi kuu kwa macho yake. Kibuli, shule ya Kampala, nayo ina historia ndefu ya soka ya shule. Kwa hiyo shule yetu ikifungwa na Kitende mabao mawili kwa moja, usiandike kwamba soka ya Kenya imekufa. Vijana wa miaka minne ya sekondari wamewabana vijana wa miaka sita ya sekondari wenye uwanja wa klabu uani kwao. Wapongeze. FEASSSA ilipokuja Kakamega mwaka 2025, baada ya Arusha 2022, Huye ya Rwanda 2023 na Uganda 2024, mashabiki wetu walipata nafasi ya kuwalinganisha nyumbani, na natumaini waliotazama walitazama miguu na maumbile, si matokeo pekee.

Tanzania ni hadithi nyingine, na usiilinganishe kwa kipimo hiki. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari za huko, kwa desturi ni vita vya mikoa: wachezaji huchujwa kutoka shule mbalimbali, wakaunda kombaini ya mkoa, na shabiki anashangilia Mwanza au Dar es Salaam badala ya jina la shule. Uzuri wake ni kwamba yule kiungo wangu wa Bungoma, angekuwa Tanzania, asingezama na shule yake; angechaguliwa kwenye kombaini akaonekana. Ubaya wake ni kwamba kombaini haina mizizi. Wavulana hukaa kambini kwa muda mfupi wakatawanyika, hakuna mtindo wa uchezaji unaorithiwa kama ule wa Green Commandos. Ndiyo maana shule zilizojijengea soka zenyewe hukumbukwa zaidi: Makongo ya Dar es Salaam enzi za mkuu wake, Kanali Idd Kipingu, Alliance ya Mwanza, na Fountain Gate ya Dodoma, ambayo wasichana wake walitwaa ubingwa wa shule za Afrika kule Durban mwaka 2023. Hilo la Fountain Gate ningependa kila mwalimu mkuu Afrika Mashariki alijue.

Kuna neno gumu sitalikwepa: mamluki na vijeba. Ulinganisho wowote ni bure ikiwa mchezaji si mwanafunzi wa shule hiyo au umri wake ni wa kubuni. Siku ya ukaguzi nenda ukasimame karibu na meza. Kawaida huwa chini ya mti au kwenye bwalo. Walimu wamepanga faili, picha, vyeti vya kuzaliwa, na mchezaji mmoja mmoja anaitwa, anatazamwa uso, anaulizwa yuko darasa gani na mwalimu wake wa hesabu ni nani. Ukimwona kijana anamtazama kocha kabla ya kujibu swali la mwalimu wa hesabu, umeshaelewa. Shule inayokuja mezani faili zikiwa safi na wachezaji wametulia, hiyo naiheshimu hata ikifungwa mechi zote.

Kuhusu utani wa jadi wenyewe, mimi nauthamini sana. Isukuti, ngoma ya Waluhya, ikilia Bukhungu, na upande wa pili wageni kutoka Kisumu au Siaya wakijibu kwa nyimbo zao, unaona chanzo cha ile debi ya Mashemeji ya AFC Leopards na Gor Mahia. Watoto hawa wamerithi upinzani wa watu walioana, wanaozikana na kuuziana samaki na ndizi kila siku. Lakini ukiwa mwalimu au mhitimu wa zamani, kuna kazi ya kufanya. Panga mashabiki wako waondoke uwanjani baada ya mabasi ya wageni, si kabla wala sambamba. Mweke nahodha wa zamani anayeheshimika katikati ya wanafunzi, si pembeni na wazee. Na kamwe usimlaumu refa mbele ya wanafunzi. Neno moja la mwalimu likitoka kwa hasira, jiwe hufuata.

Wazazi nao huniuliza. "Mwalimu, huyu kijana wangu anajua mpira, nimpeleke wapi?" Jambo la kwanza huwaambia jina la eneo lisiwapofushe. Michael Olunga alisoma Upper Hill, Nairobi, mbali na makelele ya Magharibi na Nyanza, akaendelea na masomo ya uhandisi Technical University of Kenya huku akicheza, na mwaka 2020 akawa mfungaji bora wa ligi ya Japani kwa mabao 28 akiwa na Kashiwa Reysol. Jambo la pili, mama au baba, nenda shuleni siku ya mazoezi bila kutangaza, uone mwalimu wa michezo anaongea vipi na mtoto aliyekosea pasi. Uliza mchezaji akiumia goti analipiwa na nani matibabu, na akikosa mtihani kwa sababu ya safari anafidiwa lini. Halafu uliza swali ambalo makocha wengi hawalitarajii: kwenye mechi yao ya mwisho ya eneo, walichezesha wanafunzi wangapi wa mwaka wa kwanza? Wakijibu hakuna hata mmoja, ujue mwanao atakalia benchi msimu mmoja kati ya mitatu aliyo nayo.