Hujui kuogelea na wataka kutembea chini ya bahari? Meza mate kwanza

Juzi dada mmoja wa Kitui aliniandikia baada ya kuona picha yangu, nimesimama chini ya maji na helmeti kubwa kama sufuria ya pilau. "Nakuja Mombasa Desemba na wanangu. Sijui kuogelea. Kweli maji hayaingii, ama ni picha ya kutengenezwa?"

Hayaingii, dada. Chukua bilauri, ifudikize, uizamishe wima kwenye karai. Hewa iliyomo itayazuia maji yasipande. Helmeti ni bilauri hiyo hiyo, ila yenyewe ina mpira unaoleta hewa kutoka kwa pampu ya mashuani, na hewa inayozidi hutokea shingoni kwa mapovu. Mtandio wangu ulilowa ncha tu. Hata miwani huvui.

Ila picha ile ni ya mara ya pili. Ya kwanza sijawahi kuisimulia hapa.

Mimi mzaliwa wa Majengo, hapa Mombasa, na sijui kuogelea. Utotoni, binamu zangu wakijitupa majini pale ufuo wa Pirates, mimi ndiye mlinzi wa viatu. Basi siku tuliyolipia matembezi haya, ufuo wa Bamburi, nilikuwa na mafua nikayaficha. Pesa imeshatoka, nirudi nyumbani? Nikashuka ngazi hadi maji yakanifika mabegani, ndipo vijana wawili wakanivisha helmeti. Nchi kavu ina kilo 30 na ushee; majini uzito ule karibu wote hupotea. Kipago cha tatu, sikio likachomwa kama sindano. Badala ya kusimama nikakimbilia chini, nimalize haraka. Wallahi nililia ndani ya helmeti, na machozi yenyewe huwezi kuyafuta vizuri. Nikarudishwa juu. Binamu yangu akasema mbele ya mashua nzima, "Huyu hata apewe nyumba kichwani atazama tu." Miaka minne sasa. Pesa sikurudishiwa.

Kwa hivyo nakwambia: una mafua, usishuke. Pua ikiziba kwa makamasi, hewa haipiti kwenda kwenye sikio. Na kila mita 10 za maji hukuongezea mzigo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hivyo hata mita nne tunazoshuka sikio linazijua. Meza mate kila kipago, sikio lizibuke. Chezesha taya. Likiuma, panda kipago kimoja, meza tena.

Nilirudi Februari, wakati wa kaskazi, maji maangavu hadi unahesabu mchanga. Nikameza mate mpaka koo likakauka. Miguu ikagusa chini! Pono akapita akitafuna matumbawe kama mbuzi na ganda la ndizi. Nikainama nimwone vizuri, maji yakanipanda kidevuni. Mwongozaji akaweka vidole viwili chini ya kidevu changu, akakiinua taratibu, kama mama anayemfunga mtoto mtandio wa Idi. Maji yakashuka. Simama wima basi, samaki watakuja wenyewe.

Ukipanda, pumua kawaida, usibane pumzi, maana hewa ya kifuani hutanuka. Na kabla hujalipa, uliza ni nani anayebaki juu na pampu. Wakikucheka, ondoka. Watu twabembeleza tupunguziwe mia mbili na hatuulizi pumzi yetu imeshikwa na nani! Na matumbawe msiyashike, jamani. Hifadhi ya bahari ya Mombasa imetengwa tangu 1986, na kwenye kiini chake kuvua ni marufuku, ndiyo maana samaki hawatukimbii. Wewe waja kwa nusu saa, unang'oa kipande cha kuweka kabatini?

Meza mate, dada. Nimesema? Nasema tena.

Picha niliituma pia kwenye kundi la WhatsApp la familia. Binamu yule akauliza, "Bei gani siku hizi?" Tiki zimegeuka buluu, sijamjibu.